Nyuki Ndani ya Mgongo wa Chura

Wenzangu shuleni baba zao wana mambo ya kueleweka. Mmoja anafuga ng'ombe. Mwingine anashabikia mpira mpaka timu yake ikifungwa anagoma kula. Baba yangu ana gari. Naliita gari kwa heshima tu, maana limemzidi umri, na yeye kila tukibishana hunikumbusha kwamba ni mtu mzima.

Ni lile gari dogo la Kijerumani la zamani, la mviringo, ambalo watu huliita mgongo wa chura. Kama hujawahi kuliona, chukua kobe, mfungie taa mbili za duara, umpake rangi ya maziwa ya mgando. Kila kitu chake kimekaa kinyume. Injini iko nyuma, buti liko mbele. Halina rejeta, linapozwa kwa upepo tu, na jambo hilo limetugombanisha na nusu ya mtaa wetu wa Cheyo. Kila likizima barabarani hutokea mzee mwenye huruma na ndoo ya maji, anauliza amwage wapi. Baba akimjibu kwamba gari hili halinywi maji, mzee anamtazama kama mtu aliyeambiwa kuna mtoto kazaliwa bila tumbo, kisha anaondoka na ndoo yake akitikisa kichwa.

Petroli nayo haiwekwi ubavuni kama kwenye magari yenye akili. Mdomo wa tangi umo ndani ya lile buti la mbele, nyuma ya tairi la akiba. Ukitaka kuweka mafuta, sharti ufungue buti. Hilo naomba mlielewe mapema, kwa sababu ndilo lililotutesa.

Baba ni mwalimu wa jiografia. Gari alirithi kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa reli, na pamoja na gari alirithi imani kwamba hakuna chuma kinachokufa, ila kuna watu wanaokata tamaa. Jumamosi nyingi alfajiri ananiamsha twende tukapime valvu, kwa sababu valvu za injini hii hupimwa ikiwa ya baridi, kabla jua halijaigusa. Yeye analala chali kwenye mkeka chini ya gari, mimi nachuchumaa pembeni. Mimi ndiye mwenye mkono mwembamba nyumbani, kwa hiyo kazi zote za kuingiza mkono mahali ambapo Mjerumani hakukusudia mkono uingie ni zangu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ukoo mzima ulitegemea ndiye angekuwa fundi, anaogopa grisi. Anasema inamharibia mikono.

"Spana kumi na tatu," baba anasema kutoka chini.

Nampa kumi na nne.

"Hii kumi na nne."

"Ilikuwa kumi na tatu jana, mzee. Labda imekua."

"Binti."

"Naam."

"Ukifeli fizikia nitajua ni kwa sababu gani."

Kati ya safari zake za karibuni, ile tunayoikumbuka zaidi ni ya Tura. Tulikwenda kumzika ndugu, likatufikisha vizuri sana, baba akalisifu njia nzima. Kurudi halikutaka. Tukapanda treni. Gari lilibaki pale kituoni Tura hadi mvua zilipokatika, mbuzi wakalala chini yake, likarudi Tabora juu ya lori la mahindi likiwa limelala juu ya magunia kama tajiri. Baba alilipiga picha hivyo, akawatumia wenye magari kama lake kwenye kundi lao la simu, akaandika: "Limesafiri salama."

Mama hakucheka. Mama ni Mnyakyusa, amekulia Rungwe kwenye migomba na mvua, na anapenda kitu kinachofanya kazi yake. Ana ugomvi wa binafsi na gari hili. Betri yake imefichwa chini ya kiti cha nyuma, na kiti kile kina springi za chuma. Akikaa mtu mwembamba, hakuna neno. Akikaa mtu mwenye afya yake, springi zinashuka, zinabusu vichwa vya betri. Mwaka juzi tulikuwa tunakwenda harusini, mama kakaa nyuma na sketi yake mpya ya kitenge, baba akaanza kunusanusa.

"Kuna kitu kinaungua," akasema. "Atakuwa jirani anachoma takataka."

Jirani alikuwa mama.

Tangu siku hiyo mama hakulipanda tena, na akaanza kulitazama gari jinsi mpishi anavyomtazama jogoo. Alitaka mahali linapoegeshwa, chini ya mpera, pajengwe banda la kuku wa kisasa. Alishachora ramani kwa mkaa ukutani, nyuma ya jiko. Baba alijifanya haioni.

Anayelitaka gari kuliko mama ni mmoja tu, mnunuzi wa chuma chakavu. Huyu ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na maisha, akaoa hapa, akazeekea hapa. Anazunguka mitaani na guta la magurudumu matatu, nyuma kaning'iniza mzani. Na kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na babu zao wakiwapokea huko kwa uji na kejeli. Mtani akikutukana hununi. Ukinuna, wewe ndiye umekosea. Kwa hiyo yule bwana ana leseni kamili ya kumsimanga baba, na anaitumia.

Wiki chache kabla ya Pasaka alisimamisha guta getini. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mwangaluka, mtani!" akaita. Kinyamwezi chake kinaishia kwenye salamu hiyo.

"Mwangaluka. Leo hakuna kitu. Pita."

"Sijafuata kitu. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa." Akaja, akakaa kwenye bampa, akaligonga buti kwa kidole. "Bado anapumua?"

"Anapumua kuliko wewe."

"Mnyamwezi na mzigo, bwana! Zamani mlibeba meno ya tembo mpaka pwani. Leo mmepata gari, na bado mnalibeba ninyi."

"Na ninyi mlikuwa mnatungoja huko mmekaa, kama ulivyokaa sasa hivi. Toka kwenye bampa langu."

Nikamwamkia, "Shikamoo," kwa sauti ya adabu.

"Marahaba, binti fundi. Huyu mzee wako akikwama huko chini usimvute. Nitampima humo humo na gari."

Mama akatoka jikoni na beseni la mchicha. Yule bwana akaona mlango umefunguka, akauingia.

"Shemeji, hiki kifuu kikiondoka hapa, utaweka nini?"

"Banda la kuku," mama akajibu, haraka kiasi kwamba kuku wa jirani waligeuka. Kisha akaliweka beseni chini, akajifuta mikono. "Baba watoto, hebu toka huko. Tuongee mbele ya shahidi."

Miguu ya baba ikatulia kwanza. Halafu akatoka taratibu, uso mzima oili.

"Pasaka," mama akasema. "Jumapili ya Pasaka gari litupeleke kanisani, familia nzima ndani. Liende lenyewe. Asisukume mtu, wala lisivutwe. Likitufikisha ndani ya uwanja wa kanisa, libaki hapa hapa mpaka Yesu arudi, sitasema kitu tena. Lisipofika, Jumatatu huyu bwana aje na mzani wake."

Nilimtazama baba. Nilitegemea acheke, aseme neno la kuahirisha, kwa maana kuahirisha ndiyo fani yake. Lakini alilitazama gari muda mrefu, akapangusa mkono kwenye suruali, akampa mama.

"Nimekubali."

Mtani alishangilia kama timu yake imefunga goli. Mimi nilijikausha, lakini moyoni niliogopa. Nacheka gari hili kuliko mtu yeyote mjini, ila zile alfajiri za mkekani, mimi na mshua na spana, hakuna mtu mwingine nyumbani anayezipata. Banda la kuku halihitaji mkono mwembamba.

Tukaanza kazi. Tulisafisha kaburieta kwa mswaki wa mdogo wangu, ambaye mpaka leo anajua uliibwa na panya. Tukabadilisha plagi, tukakwangua pointi, tukafunga kipande cha tairi la baiskeli juu ya betri ili springi zisiibusu tena. Injini ikawa inawaka vizuri hadi ikatutia wasiwasi. Kilichobaki ni kutu. Buti la mbele, ndani kwenye kingo na maungio, kutu ilikuwa inatafuna taratibu kama mwanafunzi anayekula karanga darasani.

Hapo baba akapata wazo. Shangazi yetu wa Bukene anafuga nyuki, na kila akija hutuletea asali na bonge la nta. Nta haipitishi maji. Basi tuyeyushe nta, tuichanganye na mafuta kidogo, tulipake buti lote kwa ndani, kila ufa, kila kona. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyeyusha. Mimi mwenyewe ndiye niliyepaka, mkono wangu mwembamba ukafika mpaka kule nyuma ya tangi. Gari likanukia kama andazi la sikukuu. Baba akafunga buti, akapiga picha, akaituma kwenye kundi lao la simu. Mtu mmoja wa Arusha akamjibu kwamba hajawahi kuona ufundi wa namna hiyo. Kweli hakuwahi.

Katikati ya lile buti, upande wa nje, palikuwa na tundu dogo. Zamani palikuwa na nembo, ikadondoka. Tundu lenyewe lingepitisha kidole cha mtoto. Hatukuliziba kwa sababu halikuwa na kosa lolote.

Ijumaa Kuu tulirudi kutoka kanisani kwa miguu, jua kali, njaa kali zaidi. Mdogo wangu alitangulia getini, akasimama.

"Baba, gari linaunguruma."

"Haliwezi kuunguruma, ufunguo ninao mimi."

"Basi linaunguruma bila ufunguo."

Tukasogea. Lilikuwa linaunguruma kweli, lakini mbele, mahali pasipo na injini. Pale penye tundu la nembo nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa adabu, kama watu wanaopokezana mlangoni mwa ofisi. Wengine walikuwa wamejipanga juu ya kioo wakingoja zamu. Mahali pale palikuwa pamehamia kundi zima.

Tulirudi nyuma mpaka kwenye ngazi za jikoni, tukakaa.

"Lakini kwa nini waje kwenye gari?" baba akasema. "Mti upo. Paa lipo. Nyumba ya jirani ipo, tena ina dari bovu. Kwa nini gari?"

Mama, ambaye kwao nyuki ni kitu kinachopita tu kikienda kwa watu wengine, akauliza kwa nia njema kabisa:

"Kwani ninyi huku mnawapataje? Mkitengeneza mzinga, nyuki wanaingiaje?"

Baba akageuka mwalimu. Hawezi kujizuia, ukimuuliza njia ya sokoni ataanza na mwelekeo wa upepo. "Ni rahisi sana," akasema. "Unatengeneza mzinga wako, uwe mtupu, uwe na giza ndani. Unauacha na tundu dogo la kupitia. Unauweka mtini au karibu na mti, miti ikiwa imechanua. Halafu ndani unapaka..."

Akanyamaza.

"Unapaka nini?" mama akauliza.

Baba alikuwa anaangalia mikono yake.

"Unapaka nini, baba watoto?"

"Nta," nikasema mimi, kwa sababu mtu alipaswa kulisema.

Kimya kilichofuata kilijaa nyuki. Familia nzima ya watu wa Tabora, mji wa asali, shangazi mfugaji, baba aliyekulia chini ya mizinga ya mzee wake, hatukukumbuka kitu ambacho mtoto wa Bukene anakijua kabla hajajua kuvaa viatu. Tulikuwa tumetengeneza mzinga wa chuma wenye magurudumu manne, tukaupaka nta ya daraja la kwanza, tukauegesha chini ya mpera uliochanua, tukashangaa wageni.

Mama aliingia ndani. Tulimsikia akicheka peke yake chumbani, kile kicheko cha mtu anayeziba mdomo kwa mto.

Kwa Mnyamwezi, nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi ovyo. Mdogo wangu alipotaja dawa ya mbu, baba alimtazama kama ametaja kumpiga mgeni. Njia ya kuwahamisha nyuki bila kuwaua ni moshi. Moshi unatokana na moto. Na chini ya nyuki hawa, karibu kiasi cha kugusana, kulikuwa na tangi la petroli. Baba alilitafakari jambo hilo akiwa amesimama mbali na kibiriti mkononi, kisha akakirudisha jikoni bila kuambiwa.

Tukampigia shangazi simu. Alicheka mpaka salio langu likaanza kuomboleza. "Msiwaguse," akasema hatimaye. "Wakiwa wamejaa asali na hawana watoto wa kulinda ni wapole. Jumatatu nakuja na mzinga, nawahamisha."

"Dada, Pasaka ni Jumapili."

"Basi nendeni nao. Kwani nyuki si wa Mungu?"

Hapo ndipo shida yenyewe ikaonekana. Injini iko nyuma, haina neno, itawaka. Lakini petroli baba huweka kwa dumu, kidogo kidogo, na hupima kwa fimbo ya mpera kwa sababu geji ilikufa kabla sijazaliwa. Ndani ya tangi kulikuwa na mabaki tu, alikuwa anangoja Jumamosi aongeze. Sasa kuongeza ni kufungua buti, na kupima pia ni kufungua buti. Nikapendekeza tufunge chupa ya petroli nyuma kabisa, na mpira moja kwa moja kwenye kaburieta. Baba akafurahi. Mama akasikia.

"Chupa ya petroli, na mimi nimekaa juu ya betri? Liende kama magari ya watu. Nilisema lenyewe."

Jumamosi baba hakula vizuri. Alizunguka gari kwa mbali, kama mtu anayetembelea wodi isiyoruhusu wageni. Jioni nilimkuta mbele ya ile ramani ya banda iliyochorwa kwa mkaa, anaisoma kwa makini.

"Mlango ameuweka upande wa mvua," akaniambia.

"Tutafika, mzee."

"Babu zetu walitoka hapa na mizigo kichwani wakafika baharini," akasema. "Mimi naomba kufika kanisani tu."

Jumapili asubuhi tulijipanga. Kati ya buti na sehemu ya watu kuna ukuta wa karatasi ngumu wenye matundu, nikayaziba yote kwa sabuni ya mche na matambara mabichi. Kwa tahadhari tukavaa vyandarua. Familia nzima: baba na suti yake ya kijivu ndani ya chandarua, mimi na gauni langu ndani ya chandarua, mdogo wangu kajifunga kiasi cha kuonekana pua tu. Mama akatoka na joho la kwaya. Akasimama kati ya milango, akiangalia kiti cha mbele, kisha cha nyuma.

"Mbele nyuki. Nyuma betri," akasema. Akafikiri. "Betri nimeshaizoea." Akaingia nyuma.

Baba akageuza ufunguo. Likawaka mara moja! Kama nisingekuwa nalijua vizuri, ningesema lilitaka kumwonyesha mama.

Tukatoka getini mwendo wa maiti. Nyuki walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kuvuma kwa sauti moja nzito, na mama, ambaye alikuwa anapasha koo kwa wimbo wa Pasaka, akagundua wanavuma kwenye ufunguo wa wimbo wake. Akaendelea kuimba nao. Mdogo wangu alikuwa anasali kwa sauti iliyosikika. Mimi nilikuwa mbele, naitazama sabuni, nikiona inavyoanza kulainika.

Kijiweni vijana wa bodaboda wakatuona tulivyo weupe kwa vyandarua ndani ya gari jeupe.

"Oyaa! Harusi ya wapi? Bibi harusi yupi?"

"Ni baba!" nikawajibu dirishani.

"Hongera, mzee!"

Nyuma yetu mtani alikuwa anakuja na guta lake, anakanyaga kwa furaha, mzani ukigongagonga chuma. Hakukosa hata kona moja. Tulipita njia ya miembe, tukavuka reli, na mnara wa kanisa ukajitokeza. Baba alikuwa anakanyaga mafuta taratibu, kwa ncha ya kiatu, kama anayejaribu kutoamsha mtu.

Tukaona lango la uwanja wa kanisa. Tukaona watu wamesimama nje na mavazi ya sikukuu. Na hapo gari likakohoa, likavuta pumzi, likakohoa tena, likazima. Likabingirika mpaka karibu na lango na kusimama. Pua yake ilikuwa inautazama uwanja. Haikuwa ndani.

Baba hakujaribu kuliwasha. Alijua. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akaitazama.

"Limeishiwa," akasema.

Mtani akafika, akashuka kwenye guta. "Mtani! Hapa hapa panafaa! Nipime au ningoje kesho?" Watu wakacheka. Wanakwaya walikuwa wametusogelea kutuangalia, na mmoja akauliza kwa sauti kama mume wa mwimbaji wao wa alto amekwenda kuvua samaki na neti ile.

Kwa kawaida baba angemjibu mtani. Huo ndio mchezo, na yeye huucheza vizuri. Safari hii hakujibu, na ndipo nilipojua kwamba mambo si mchezo. Mtani mwenyewe aliona jibu haliji, akapunguza sauti.

Nikainama karibu na baba. "Mzee, stata. Tia gia ya kwanza, achia klachi, geuza ufunguo. Stata italisogeza."

"Itaua betri."

"Betri ni ya nani?" mama akauliza kutoka nyuma.

Tukageuka wote.

"Nauliza. Hiyo betri niliyoikalia ni ya gari, au ni ya jirani?"

"Ya gari," baba akasema.

"Nilisema liende lenyewe. Sikusema liende na nini. Hebu geuza huo ufunguo, watu wananiangalia."

Baba akatia gia. Akageuza.

Likaruka! Siwezi kutumia neno lingine. Likaruka, likatua, likasimama. Likaruka tena. Kle-kle-kle, hop. Kle-kle-kle, hop. Tukaingia langoni kwa kurukaruka, vichwa vyetu vyote vinne vinaitikia kama tunakubaliana na mahubiri. Watoto wa kanisani wakaanza kupiga makofi kila tukitua. Nyuki hawakupenda. Kundi dogo likatoka kwenye tundu la nembo kuulizia kinachoendelea, na wa kwanza kukutana nalo akawa mtani, aliyekuwa amesogea karibu kuhakikisha hakuna anayesukuma. Mtani aliacha guta, aliacha kandambili moja, akazunguka kanisa lote kwa kasi ambayo hakuna mtu wa pwani amewahi kuonyesha huku bara.

"Nanusa kitu," mama akasema, akishikilia kiti cha mbele.

"Ni jirani," nikasema.

Alinipiga kofi la mgongo, lakini alikuwa anacheka. Hop ya mwisho ilitufikisha chini ya mti wa kivuli, ndani ya uwanja, mbele ya mzee wa kanisa ambaye alikuwa ameinua mikono bila kujua kama anatukaribisha au anatuzuia. Stata ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikanyamaza.

Mama alishuka, akanyoosha joho, akaenda zake kwenye kwaya. Hakusema neno juu ya gari. Ibada nzima baba alikaa na macho kwenye safu ya alto, akitafuta dalili. Mama aliimba vizuri sana, na uso wake haukutoa siri yoyote. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa aliomba mwenye gari lenye nyuki aangalie watoto wasilisogelee, na kanisa likacheka, na baba akainua mkono kukiri kwamba ni la kwake. Nadhani alikuwa hajui kama kesho yake angeweza kuusema ukweli huo tena.

Tulipotoka, tulimkuta mtani amekaa mbali chini ya ukuta, sikio moja limevimba, anawafukuza watoto waliotaka kurusha mawe kwenye gari. Alikuwa amelilinda ibada nzima.

Mama akaja na vitabu vyake vya nyimbo kwapani.

"Shemeji," mtani akasema, akisimama kwa taabu, "mimi ni shahidi, nasema niliyoyaona. Hakusukuma mtu. Lakini pia halikuwa linatembea. Lilikuwa linarukaruka. Sasa kesho nije na mzani, au nisije?"

Baba alikuwa bado na chandarua shingoni.

"Njoo," mama akasema. "Njoo asubuhi. Mzani uache nyumbani. Utuletee dumu la petroli kwenye guta, maana shangazi yao anakuja kuhamisha nyuki na tukimaliza gari linarudi nyumbani."

"Na banda la kuku, shemeji?"

"Litajengwa upande wa pili wa nyumba."

"Nalijenga mimi," baba akasema, kabla mama hajamaliza. "Na mlango nautoa upande wa mvua."

Mama akamwangalia. "Kumbe uliiona ile ramani."

Mtani akaangua kicheko, akashika sikio lake lililovimba. "Yaani mimi Mzaramo ndiye nimbebee Mnyamwezi mzigo? Leo dunia imekwisha!"

"Beba, mtani," baba akasema, na sauti yake ya mchezo ikamrudia. "Na uende polepole, usije ukamwaga."